Wenceslao Azabache na Wafu Wake Wapiga Ngoma

Biashara ilitangulia, undugu ukafuata. Mwaka 1987 Teodomiro Ñique, aliyeandika wasifu huu, alifika kijijini Campiña ya Moche kutafuta vyungu vya kuwauzia watalii wa mji wa Trujillo. Alitaka vyungu vyenye sura za vichwa vya watawala, kama vile vya kale. Marehemu Wenceslao akamwekea mezani vyungu vya wafu: mifupa ya udongo ikipiga ngoma, mifupa ikinyonyesha, mifupa imeshikana mikono na wazima.

"Nani ataweka maiti sebuleni, bwana?"

"Hao si maiti, ni watu waliokufa. Wazee wetu waliwafinyanga hivyo hivyo. Ukitaka vichwa, chukua na hawa."

Akachukua huku akinung'unika. Huko Trujillo wafu wakanunuliwa kwanza.

Marehemu alizaliwa hapa Campiña tarehe 14 Septemba 1961. Shule aliishia darasa la tano. Siku moja walipoambiwa wachore familia zao, alimchora na bibi yake aliyekwisha kufa, mifupa mitupu, akila mezani na wenzake. Mwalimu akamwita mama yake. Mama akaitazama picha, akasema, "Kakosea. Bibi hakukaa upande huo wa meza."

Ufinyanzi alifundishwa na baba yake. Kalibu zake zote za kutolea maumbo ya udongo alizitengeneza mwenyewe, na alipotaka kujua mkono wa mfu unaangukaje, alijilaza sakafuni akakaza macho darini. Wateja walishtuka, sisi tulizoea. Tarehe 21 Julai 1990 alimwoa Domitila, dada yake Teodomiro, baada ya mashauriano marefu kuliko ya bei yoyote ya vyungu.

Kuugua, hakuugua. Ijumaa tarehe 8 Machi 2019, saa tatu asubuhi, Teodomiro alimkuta amelala kando ya tanuri, mkono kifuani.

"Inuka, shemeji! Bei haipandi kwa kulala!"

Akavuta kiti, akamsubiri achoke na mzaha wake. Domitila akaingia na kahawa.

"Kaka, mbona amelalia vyungu vibichi?"

Hapo ndipo walipojua. Wenceslao asingelalia kazi yake. Daktari alisema ni moyo. Sisi mpaka sasa hatujaelewa.

Jana mchana Domitila alianza kupanga kalibu za wafu ndani ya jeneza.

"Dada, hicho ni chakula cha wanao!"

"Na yeye huko afanye kazi kwa mikono mitupu?"

"Mfu hafanyi kazi, Domitila."

"Haya! Miaka yote hiyo umeuza wafu wapiga ngoma, leo ndiyo unaniambia hawafanyi kazi?"

Teodomiro, ambaye hajawahi kukosa neno sokoni, alijaribu kuomba walau kalibu ya mpiga ngoma. Akanyimwa. Mwishowe ni yeye aliyeshika upande wa pili wa kifuniko.

Marehemu ameacha mjane Domitila, mwanawe wa kiume Asunción, binti yake Herlinda na wajukuu wanne. Asunción amebaki na kalibu za vichwa. Domitila amepata alichokidai, lakini kwa mumewe kifo hakikukubali mapatano. Teodomiro amepoteza bidhaa bora kuliko zote alizowahi kuuza, pamoja na mtu pekee ambaye hakuwahi kufaulu kumshawishi apunguze bei.

Wenceslao apumzike kwa amani; na akichoka kupumzika, afanye kazi.