Pumzi ya Mstari wa Tatu

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili, mbele ya kibanda cha fundi viatu, ng'ambo ya ukuta mrefu wa karakana ya seremala. Fundi viatu tunamwita Jaji, kwa sababu hakuna kesi inayopita mbele yake bila hukumu, hata kama hakuulizwa. Kando yake hukaa Breki, aliyeendesha lori miaka thelathini na mpaka leo hukanyaga chini kwa mguu wa kulia akiona mtoto anavuka barabara. Kahawa ni ya Mama Birika, ambaye hukaa kwenye kigoda chake akipuliza jiko. Mimi wananiita Mzee Amina, maana hulitamka neno hilo hata baada ya habari za hali ya hewa. Alasiri ile nilikwenda pale nikiwa na jambo. Miezi minane nyuma Mungu alimchukua mwanangu wa kiume, aliyekuwa akipiga besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, katika bendi ya kanisa, ile inayotangulia jeneza kwenye mazishi. Sasa mdogo wake, binti yangu mshonaji, alitaka kulibeba yeye Jumapili, bendi itakapotoka barabarani. "Baba, sitoki bila neno lako," aliniambia asubuhi. Mwalimu wa bendi angekuja kuchukua jibu baada ya mazoezi. Nikikataa, tarumbeta lingerudi kwenye kabati la kanisa, apewe mtu mwingine. Sikuogopa dhambi, hilo nilishaliombea. Niliogopa kicheko. Nilitaka kujua watamchekaje, kabla hawajamcheka.

— Nina swali, nikasema. Mwanamke anaweza kupiga besi?

— Besi ile ya bendi? aliuliza Jaji.

— Hiyohiyo.

Jaji aliweka kiatu chini. Akiweka kiatu chini, mwenye kiatu arudi kesho.

— Hawezi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pua ni nyufa mbili. Mwanaume akipuliza, pua inajifunga yenyewe. Mwanamke akipuliza, robo tatu inatokea puani.

— Umeiona wapi? aliuliza Mama Birika.

— Nitaionaje? Hewa haionekani.

— Achana na pua, alisema Breki. Tatizo ni tangi. Lori kubwa lina tangi la upepo la kushika breki. Pikipiki haina. Je, pikipiki ni mbaya? Si mbaya. Ila huifungi tela.

— Kwa hiyo mimi ni pikipiki.

— Mama Birika, mimi sijataja mtu.

— Moto huu naupuliza tangu alfajiri. Naupuliza kwa upepo wa nani?

— Huo ni upepo wa kahawa. Mwenda pole hajikwai.

Hakuna aliyeuliza methali hiyo ilifuata nini pale. Jaji alikuwa ameshapata jambo jingine.

— Halafu kuna midomo. Mdomo uliozoea besi hausahau. Huyo mwanamke siku moja ataolewa. Asubuhi atamwambia mumewe "umeamkaje", na jirani wa nyumba ya tatu ataitikia "salama".

— Mume atakosa siri, alisema Breki, na alisikitika kweli.

— Atakosa nyumba. Wapangaji wote watahama.

— Na bado hamjafika barabarani, alisema Breki. Besi ndiyo miguu ya bendi. Besi ikipinda, wote wanapinda. Sasa mwanamke apite na besi mbele ya duka la vitambaa, aone kitu kizuri dirishani. Bendi nzima itamfuata ndani. Sisi wenye jeneza huku nyuma tutajikuta dukani, marehemu anapimwa suruali.

Jaji alimkanyaga mguu, lakini alichelewa. Breki alinitazama, akavua kofia.

— Nisamehe, Mzee Amina. Nimesahau msiba wako.

— Nimekusamehe. Mwanangu mwenyewe angecheka.

Na ni kweli angecheka, mpaka akohoe.

— Lakini ndicho ninachosema, aliendelea Breki kwa sauti ya chini. Mwanao hatukumwita Tangi bure. Ule wimbo wa kuaga, kila mstari kwa pumzi moja. Kifua kile hakizaliwi mara mbili.

Nikanywa kahawa. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumwambia binti yangu hapana.

Ndipo matarumbeta yakaanza kulia nyuma ya ukuta wa seremala. Sikuwa nimejua kwamba kanisa linapakwa rangi na mazoezi yamehamia karakana. Tangu mazishi sijaweza kuisikiliza ile besi. Binti yangu akiishika nyumbani, mimi huchukua fimbo nikatoka. Hata pale nilitaka kuinuka, lakini kikombe kilikuwa kimejaa na magoti yangu hayana haraka. Yaliingia madogo kwanza, kisha besi, na ubao ukatetemeka chini yetu.

— Haya, sikieni wenyewe, alisema Breki. Huyo sasa ndiye mwanaume. Wamemtoa wapi?

— Shingo kama ya fahali, alisema Jaji. Huyo ukimpima mguu hapungui namba arobaini na sita.

Ulikuwa ni wimbo wa kuaga. Mstari wa kwanza, wa pili. Katikati ya mstari wa tatu besi ilikatika, muda wa kupepesa jicho tu, ikarudi. Mkono wangu ukatulia juu ya kikombe. Wakaurudia wimbo, nayo ikakatika palepale.

Alifika mtu tusiyemjua, nywele zimejaa matone ya rangi nyeupe. Ndiye aliyekuwa akipaka kanisa. Alimwamkia kila mmoja, akapewa kahawa, akasikiliza akiwa amesimama.

— Samahani wazee wangu, alisema. Mimi muziki siujui. Huyo wa besi, mbona anavuta pumzi katikati ya mstari wa tatu? Wenzake wote wanasubiri mwisho.

— Anabadili gia, alisema Breki.

— Mlima uko wapi?

Breki akautafuta mlima, hakuupata.

— Ni mtindo, alisema Jaji.

— Kwenye mistari mingine mbona hafanyi huo mtindo?

Jaji aliokota kiatu, akakigeuza soli juu, kana kwamba jibu limeandikwa pale. Mama Birika aliacha kupuliza.

— Mwanangu alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni, nikasema.

Waligeuka wote.

— Ule mstari hakuumaliza hata siku moja. Alikuwa akifika hapo anajifanya anaweka tarumbeta vizuri begani, kumbe anaiba pumzi.

— Tangi? aliuliza Breki.

— Tangi.

— Miaka yote ile?

— Miaka yote. Alimfundisha mdogo wake, wamekaa jikoni, naye akaupokea wimbo na pumzi zake. Huyo mnayemsikia ni binti yangu.

Hakuna aliyecheka. Nilisubiri, wala hakuna aliyecheka. Breki aliikunja kofia yake mapajani, akaikunjua.

— Mguu ni namba ngapi? aliuliza Jaji.

— Thelathini na nane.

— Aniletee viatu vyake kabla ya Jumapili. Barabara hii ina kokoto.

Muziki ulipokwisha, mwalimu wa bendi alivuka barabara kwa haraka, jasho likimtoka, akasimama mbele yangu kwa adabu.

— Shikamoo, mzee. Nimefuata jibu.

— Marahaba. Kwanza wewe niambie, anaweza?

— Anaweza? Ana kifua cha mistari miwili kwa mkupuo. Kuna jambo moja tu. Ile pumzi ya mstari wa tatu haihitaji hata kidogo. Nimemwambia aiache, anasema bila hiyo si wimbo ule. Ukikubali, mzee, nitamrekebisha kabla ya Jumapili.

Mama Birika alikuwa ameshanijazia kikombe kingine. Nilikishika kwa mikono miwili, nikasikia kifua changu chenyewe kinashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo akiwa bado anatembea.

— Jibu ni ndiyo, mwanangu, nikasema. Ila ile pumzi usiiguse.