Majibu Yaliyopanda Ngazi

Kabla basi halijafika mbali, fundi cherehani alikuwa ameshamsimulia bibi aliyeketi naye, mtu asiyemjua hata kwa sura, habari ya masikio yake.

“Jana mume wangu alifuata majibu ya uvimbe wake. Nikazima cherehani, nikasikiliza ngazi. Mguu wenye msiba hujiburuta, mama. Wake ulikuwa unaruka ngazi mbili mbili! Hajagusa kitasa, mimi nimeshapiga magoti namshukuru Mungu.”

“Naye akasemaje?”

“Amenuna mpaka leo. Eti nimemnyang’anya habari mdomoni.”

“Ana haki,” alisema bibi, ingawa hakuna aliyemwomba hukumu. “Ungejifanya hujui, mwanangu.”

“Nidanganye, na Mungu nimeshamshukuru?”

“Kwani Mungu angekusemea?”

Mwanamume wa kiti cha mbele aligeuka, kanuna, ila macho yanacheka. “Mwambie, mama! Njia nzima nilifanya mazoezi ya kumwambia si saratani.”

Fundi alimshika mumewe bega. “Haya, niambie sasa. Nasikiliza.”

“Nikuambie nini, na basi zima limeshasikia?”

Basi likasimama, wakashuka wakibishana.