Aurelia wa Mawe Mawili

Marehemu Aurelia Thadei Ponera
6 Oktoba 1997 – 17 Juni 2025
Wasifu huu unasomwa na mjomba wake, Bwana Isidori, makaburini Mshangano, Alhamisi tarehe 19 Juni 2025

Ndugu waombolezaji, nyumbani kwao marehemu wameomba maneno haya yasomwe yote, hata pale panapouma, yasirukwe. Tangu juzi Jumanne mtaani panasemwa kwamba visu ndivyo vilivyomuua Aurelia, na kwamba wa kulaumiwa ni Mzee Kassimu aliyemfundisha kunoa. Mzee Kassimu yupo hapa. Amekaa nyuma kabisa, peke yake, na watu wamemwachia nafasi kubwa kushoto na kulia. Mtoto wetu asizikwe na uongo.

Aurelia alizaliwa Jumatatu tarehe 6 Oktoba 1997 huko Lusewa, ambako leo ni wilaya ya Namtumbo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Thadei Ponera na Leticia. Alibatizwa mwezi huohuo. Alipofikisha miaka miwili alishikwa na homa kali, ikamletea degedege. Homa iliisha, kuanguka kukabaki. Baba yake alifariki Novemba 2005, na kabla mwaka haujaisha mama alihamia hapa Mshangano na watoto wake wawili, Aurelia na mdogo wake Sixbert, akawa analima mahindi na kuuza mboga.

Ndani ya nyumba ile hapakuwa na kitu chenye makali. Mama yake alichukua kila kisu akakisugua kwenye ngazi ya saruji mpaka makali yakaisha kabisa. Shoka lilikaa kwa jirani. Aliamini kwamba mtoto anayeanguka hawezi kuumizwa na kisu kisichokata. Mwaka 2008 Aurelia alikuwa akipasua boga kwa kimojawapo cha visu hivyo. Boga likagoma, akakikandamiza kwa uzito wote, kikateleza, kikaingia kwenye shina la kidole gumba cha kushoto hadi mfupa ukaonekana. Siku hiyo hakuwa ameanguka. Alikuwa mzima kabisa, anapika.

Alianza darasa la kwanza Januari 2006. Alipenda kusoma kwa sauti, na hesabu hakuzipenda. Mwaka 2010, akiwa darasa la tano, aliangukia darasani. Wenzake waliogopa povu wakakimbilia nje, kwa kuwa walikuwa wameambiwa majumbani kwao kwamba ukiguswa na mate ya mwenye kifafa na wewe unaanguka. Mama yake alipoitwa alimkuta sakafuni peke yake katikati ya madawati matupu. Akambeba mgongoni hadi nyumbani. Aurelia aliomba kurudi shule, akaomba tena mwaka uliofuata. Hakurudishwa.

Mwaka 2016 Mzee Kassimu Majaliwa, mtu wa Tunduru, mwenye bucha mjini, alihamia nyumba ya pili kutoka kwao. Jioni alikuwa akikaa uani kunoa visu vya bucha. Hakupeleka visu kwa wale wanaonoa kwa gurudumu la baiskeli. Alisema gurudumu linakula kisu na kukiunguza. Yeye alikuwa na vinoo viwili alivyoachiwa na baba yake, kimoja cha kukwaruza na kimoja laini, cheusi, na vyote alivilaza kwanza ndani ya beseni la maji. Aurelia alisimama kwenye ua siku ya kwanza, na ya pili. Siku ya tatu mama yake alimkuta ameshika kisu cha kuchunia ng'ombe.

"Shikamoo, Mzee Kassimu."

"Marahaba, Mama Aure. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Huyu mtoto anaanguka. Siku moja ataangukia kisu chako."

"Kovu lile la gumba, alikatwa na kisu cha nani?"

"Cha kwangu."

"Kikali?"

Mama aliutazama mkono wa Aurelia.

"Kisu butu unakilazimisha, nacho kinakulipa kwa kuteleza," Mzee alisema. "Kikali hukiombi mara mbili. Mwache ajifunze. Kama una hofu, lete kigoda chako ukae hapo umwangalie. Macho si unayo?"

Aurelia akadakia, "Anayo hadi ya kisogoni, Mzee."

Mama alileta kigoda. Alikikalia miaka tisa.

Kujifunza kulimchukua Aurelia mwaka mzima. Miezi ya kwanza hakuruhusiwa kugusa visu vya bucha. Alipewa vile vya nyumbani kwao vilivyouawa kwenye ngazi. Alifundishwa kukilaza kisu juu ya jiwe na kuinua mgongo wake kiasi cha njiti mbili za kiberiti, basi, na kukivuta toka shina hadi ncha bila kubadilisha mwinuko. Kisu cha kwanza alikiharibu, na cha pili pia. Alikuwa na haraka, anabonyeza.

"Unagombana naye nani?" Mzee alimwuliza. "Jiwe halijakukosea."

Alifundishwa kupapasa kwa kidole upande wa pili wa kisu, auone ule ukwaruzo mdogo unaotokea chuma kinapojikunja, ndipo ageuze. Alifundishwa kusikiliza. Jiwe la kukwaruza linalalamika. Jiwe laini likifika mahali pake linanong'ona tu. Mwishowe alipitisha kisu kwenye mkanda wa ngozi, akakata kitunguu mbele ya mama yake, na macho ya mama hayakutoa chozi. "Kitunguu hakilii kikikatwa," Aurelia alisema, "kinalia kikipondwa." Mzee Kassimu akampa mawe yote mawili siku ile. Alisema wanawe mwenyewe wanataka bodaboda.

Wengi wenu mnamjua kuanzia hapo. Wakati wa sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya yetu mwaka 2018, alinoa visu vyote vya wapishi bila kuwaambia. Saa mbili asubuhi wanawake watatu walikuwa wamejifunga vitambaa vidoleni, na Mama Yohanes, mpishi mkuu, akapiga kelele, "Nani kaniletea wembe humu?" Kisha akakata nyanya moja, akaiangalia, akakata nyingine. "Jamani, toka niolewe nilikuwa nazisaga nikidhani nazikata." Tangu siku hiyo visu vyake vilikuja kwa Aurelia kila mwezi, vimefungwa kwenye khanga kuukuu.

Aliletewa visu vya bucha, mikasi ya mafundi cherehani, mapanga wakati wa kupalilia. Sharti la mama yake lilikuwa moja. Kila akitoka nyumbani, visu vilihesabiwa, vikaingia kwenye sanduku la bati, likafungwa kufuli, na ufunguo mama akauvaa shingoni. Aurelia alikuwa na miaka ishirini, ishirini na mbili, ishirini na tano, na sharti halikubadilika.

Hakuolewa. Agosti 2022 Kajetani, fundi seremala wa Ruhuwiko aliyekuwa akimletea patasi na visu vya randa, alimtuma baba yake mdogo kuleta posa. Aurelia alikuwa amepanga kumwambia Kajetani mwenyewe habari ya ugonjwa wake, na alikuwa amechagua siku. Mama yake hakungoja. Alimweleza mshenga yote palepale sebuleni, ili baadaye asije akaambiwa aliwauzia mbuzi kwenye gunia. Wageni walikunywa chai, wakaaga, hawakurudi. Siku ya kumi na mbili Aurelia alisema, "Mama, ulichosema ni kweli. Ila kilikuwa changu kukisema." Kajetani aliendelea kuleta patasi zake, mwenyewe, bila mshenga. Jeneza hili mnaloliona amelitengeneza yeye usiku wa jana. Amesema makali aliyoyaweka Aurelia kwenye randa yalikuwa bado hayajaisha.

Ugonjwa ulimfuata maisha yake yote, lakini tangu alipoanza kumeza vidonge kila siku, mwaka 2019, kuanguka kulipungua. Kuanzia Oktoba mwaka jana hadi mwezi huu hakuwa ameanguka hata mara moja. Miezi minane. Mama yake alianza kulala usingizi wa moja kwa moja.

Jumanne tarehe 17 Juni asubuhi palikuwa na baridi kali. Mama alikuwa anakwenda kumchukulia vidonge vya mwezi. Wateja walikuwa wameleta visu kumi na viwili. Kumi na kimoja vilikuwa tayari, kimoja bado. Mama alivihesabu mara mbili, akavifungia, akavaa ufunguo.

"Na mawe?" Aurelia aliuliza, amekaa kwenye kijua cha uani.

"Mawe hayakati. Baki nayo."

Mawe ya kunolea huchimbika katikati kwa kutumika. Lazima yasuguliwe moja kwa jingine ndani ya maji mpaka uso uwe sawa. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya, ameinama juu ya beseni. Alianguka kifudifudi. Maji yale hayafiki kiwiko. Mama hakukawia, ilikuwa muda wa saa moja hivi, akarudi na vidonge mkononi akamkuta. Mwilini hakuwa na jeraha hata moja. Sanduku lilikuwa limefungwa, na visu ndani yake vilikuwa kumi na viwili.

Basi waliosema visu wamekosea. Mzee Kassimu alimfundisha kunoa, na katika miaka tisa ya kunoa Aurelia hakukatwa hata mara moja. Aliyemwacha peke yake na beseni ni mama yake. Alichunga makali toka mtoto ana miaka miwili. Maji hakuyachunga. Anaomba lisemwe hivyo na lisiongezwe kitu.

Mzee Kassimu anaombwa asogee mbele, akae na familia. Tafadhali mpisheni.

Wenye visu wafike nyumbani kuanzia Jumatatu. Vimefungwa kila kimoja kwenye kitambaa chenye jina la mwenyewe kwa mwandiko wa Aurelia. Fungueni taratibu, vinakata. Kile cha kumi na mbili, ambacho hakijanolewa, ni cha Mama Yohanes. Anaombwa avumilie. Mama yake Aurelia ameangalia kwa miaka tisa na mkono wake haujawahi kugusa jiwe. Mzee Kassimu akikubali kufundisha mara ya pili, kisu hicho atakinoa mama mwenyewe. Kigoda kipo, Mzee atakikalia.

Aurelia ameacha mama, mdogo wake Sixbert, wajomba wawili, na mwalimu wake.

Bwana amlaze mahali pa amani, apumzike sasa bila mtu wa kumchunga.