Fundi Aliyehesabu Vitanda: Maisha ya Marcellin Cirhuza, 1957–2016

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 12 Novemba 2016, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Kabare, Kivu ya Kusini, mtoto wa nne kati ya tisa. Wote tisa walilala chumba kimoja na mbuzi wawili, na marehemu alikuwa akisema kwamba mbuzi ndio waliokuwa na nafasi nzuri. Chumba kile hakukisahau maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi Kabare, kisha shule ya ufundi mjini Bukavu, 1972 hadi 1976, akatoka na cheti cha uashi. Darasani hakuwa nyota, tuseme ukweli, lakini ukimpa mwiko utanyamaza. Huko ndiko alikoanza desturi yake: kabla ya kuchimba msingi alichora vyumba chini kwa majivu, kwa vipimo kamili, akatandika mikeka na kuwalaza wenye nyumba humo. Walianza kwa kucheka, wakamaliza kwa kuomba chumba kiongezwe.

Tarehe 25 Julai 1981 alifunga ndoa na Rakeli Nabintu. Siku ya posa alikuja na futi kamba mfukoni, akawa anamkadiria binti kwa macho, wajomba wakakunja uso. Kumbe alitaka kujua kimo chake ili rafu za jiko zisimchoshe mikono. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Vita vya 1996 viliwakimbiza hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, walikokaa miaka kumi na miwili. Machi 2008 walifika Louisville, Marekani, na Juni 2010 wakahamia mji huu wa Buffalo. Mchana marehemu alifunga maboksi kiwandani Tonawanda, jioni alirekebisha nyumba kuukuu za mbao za mtaa wa West Side, hadi 2012 alipofungua kampuni yake ndogo ya ujenzi.

Mwaka 2014 alifanya kosa ambalo ni yeye tu angelifanya. Alikuwa akikarabati jengo la nyumba za bei nafuu, na Mama Esperance, mwenzetu wa kanisani, aliomba mahali pa kuishi na mumewe na watoto saba. Fleti zote mle zilikuwa za vyumba viwili. Marcellin akabomoa ukuta kati ya fleti mbili zikawa moja, kama ambavyo angefanya Kabare bila kumwuliza mtu. Masufuria ya Esperance yalikuwa yameshaingia jikoni wakati mkaguzi wa mji alipofika. Kanuni za mji zilihesabu milango, yaani idadi ya fleti: fleti ya chumba kimoja na ya vyumba vinne zilipewa msaada sawa wa fedha za ujenzi, na milango ikipungua, kibali kinafutwa. Ndiyo maana hakuna mjenzi aliyejenga nyumba kubwa. Marcellin aliujenga tena ukuta ule kwa mikono yake. Familia ikagawanyika, mama na watoto wanne West Side, baba na watatu Kenmore, nje ya mji.

Januari 2015 madaktari walimkuta na saratani ya tumbo, wakampa miezi sita.

“Bon,” akamwambia Rakeli, “miye siwezi kufa na ule ukuta iko wima bado.”

Tarehe 14 Aprili baraza la mji liliwaita wananchi watoe maoni juu ya kanuni hizo, kila mtu dakika tatu. Wajenzi wenzake walikuja na mafaili. Yeye alikuja na mikeka, na familia nzima ya Esperance. Binti wa Marcellin, Précieuse, aliyekuwa akimtafsiria baba yake, alitamani ardhi immeze.

“Papa, please, si hapa!”

Papa alikuwa ameshapiga magoti, akibandika selotepu ya bluu kwenye zulia: vyumba viwili, kwa vipimo vya kanuni. Esperance na mumewe wakalala, watoto wakafuata. Wa sita alibaki amesimama na mto wake. Wa saba alilaza kichwa juu ya kiatu cha diwani mmoja.

“Miye ni mujenzi,” akasema Marcellin. “Muhesabu vitanda, nitajenga vitanda. Mukihesabu milango, nitajenga milango, donc batu balale ku mulango.”

Précieuse alitafsiri yote, hadi hao watu wa kulala mlangoni. Diwani hakuusogeza mguu wake.

Kanuni mpya ilipita tarehe 20 Oktoba 2015: msaada uhesabiwe kwa vyumba vya kulala. Simu ilimkuta marehemu kwenye dripu, akalia kwa furaha mpaka muuguzi akaja kuitazama sindano. Miezi aliyopewa ilikuwa imeshakwisha, naye akajiongezea mwaka. Kwa kanuni hiyo mpya alijenga nyumba ya vyumba vitano, akisimamia kazi ameketi kitini na kufoka kama kawaida yake. Tarehe 27 Agosti 2016 alimkabidhi Esperance funguo, na baba na watoto wa Kenmore wakarudi kwa mama.

Alifariki Jumapili tarehe 6 Novemba 2016, saa nne asubuhi, nyumbani, Rakeli akiwa amemshika mkono. Tumelia, na bado tunalia. Lakini tumeshusha pumzi pia, kwa kuwa aliondoka moyo wake umetulia.

Ameacha mjane, Rakeli. Watoto, Précieuse wa Buffalo, Salomon wa Columbus na Aloisi wa Louisville. Na wajukuu sita. Ndugu ishirini na wanne walikuja kutoka Columbus na Louisville, na fleti ya marehemu ni ndogo. Esperance hakungoja kuombwa. Alifungua vyumba vyake vyote vitano, akatandika mikeka, akatuita kilio kiwekwe kwake.

Pumzika kwa amani, Fundi. Tulilala wote, na nafasi ilitosha.