Chuma Juu ya Chuma

CLARISSE: Haloo... haloo? Nani anaongea? Hii numero siijui.

SIBOMANA: Ni miye, yaya. Sibomana.

CLARISSE: Sibo! Mudogo wangu! Wiki mbili nakutafuta, simu yako haishikike. Uko muzima?

SIBOMANA: Muzima tu. Niko huku Kamembe, ku atelie yangu ya kutengeneza baisikeli. Nimeomba simu ya jirani. Ikirezi na batoto bengine beko bazima?

CLARISSE: Bazima, Mungu anasaidia. Ila shemeji yako Ladislas njo—

SIBOMANA: Njo nilitaka kuuliza. Muguu yake inaendelea namna gani?

CLARISSE: Pulasta mpaka ku paja. Docta anasema miezi tatu. Wacha ajifunze! Muntu muzima, baba ya batoto bane, anashuka ile mulima ya Ruhwa mbio na baisikeli ya moteri, sawa vile—

SIBOMANA: Yeye mwenyewe alisema ni mbio?

CLARISSE: Kwa kinywa yake. «Nilikimbia, Clarisse, unisamehe.» Miye namujibu: ndugu yangu alikufungia moteri muzuri, akakufungia pinyo, ile chuma ya meno, ku gurudumu ya nyuma, shene inavuta bila kelele, weye unaenda kuharibu kazi ya fundi! Haloo? Sibo?

SIBOMANA: ...Niko.

CLARISSE: Nilizani rezo ya simu imekata. Juzi baba yake alitoka Nzahaha kumuangalia. Nikamuambia Ladislas aombe pardon mbele ya muzee, juu ya ile mbio yake. Akaomba.

SIBOMANA: Aliomba? Mbele ya muzee?

CLARISSE: Na machozi.

(Simu inakwaruza.)

SIBOMANA: Yaya, nisikilize, usinikate. Ile pinyo...

CLARISSE: Sikusikie! Sogea inje!

SIBOMANA: Ile pinyo! Inafungwaka ku spoku za gurudumu. Katikati yake na spoku panakaaka mipira mbili, moja inje, moja ndani, juu chuma isikule chuma. Ile ya ndani ilinipasukia mu mikono.

CLARISSE: Eh.

SIBOMANA: Ilifaa nikate ingine ku tairi ya zamani. Kazi ya nusu saa. Sikukata. Nilifunga chuma juu ya chuma, nikakaza.

CLARISSE: Sibo, unasema nini?

SIBOMANA: Ladislas alikuwa amesimama pale. Akaniuliza pole-pole: «Shemeji, hii haitakula spoku?» Kulikuwa bakliya batatu, bananingojea nitengeneze baisikeli zao. Nikaona ananipunguza mbele yao. Nikamujibu na sauti: «Fundi hapa ni nani, miye ao weye mulimaji wa mihogo?» Bakacheka. Na yeye akacheka. Akapanda, akaenda.



CLARISSE: Pengine ilikatika juu ya mbio tu.

SIBOMANA: Hapana, yaya. Gurudumu mulinitumia nayo na bisi, nikaitengeneze. Spoku kumi na moja zimekatika palepale pinyo inakaa. Hata angeshuka sawa konokono angeanguka.

CLARISSE: Na yeye... aliiona?

SIBOMANA: Alilala kando yake mpaka batu bakafika kumuinua. Yeye aliiona kwanza, miye nyuma.

CLARISSE: Sasa alinidanganya juu ya nini? Juu ya nini ajitie—

SIBOMANA: Yaya. Unajua juu ya nini. Alifunika haya yangu.



CLARISSE: Siku kumi na ine namuwekea sahani bila neno. Naweka, nageuza mugongo.

SIBOMANA: Yaya—

CLARISSE: Nyamaza kwanza. Mbele ya baba yake, Sibo! Nilikuwa nimesimama hivi, mikono ku kiuno. Nikamuambia: rudilia, muzee hakusikia muzuri.

(Clarisse anavuta kamasi.)

SIBOMANA: Nitaleta gurudumu mupya. Nitapanga spoku moja-moja, mipira nitakata miye mwenyewe—

CLARISSE: Wacha gurudumu! Leta kinywa. Muzee angali hapa mpaka siku ya posho, Jumamosi. Utasema mbele yake yote, na ile ya mulimaji wa mihogo, utaisema.

SIBOMANA: Naona haya, yaya. Hata kupita mu njia ya kwenu naona haya.

CLARISSE: Uone. Kuja nayo hivyo-hivyo.

SIBOMANA: Kesho asubui, bisi ya kwanza. Naapa mbele ya— ah, inalia, inite za simu ya jirani zinaisha.

CLARISSE: Ngoja... Ananiita kule ndani. Anataka maji.

SIBOMANA: Ukimuambia, umuambie miye njo—

CLARISSE: Simuambii yako. Yako utasema weye. Niko na yangu ya kumuomba pardon. Kata, Sibo, kata... Karame, ndiyo, Papa Ikirezi! Nimekusikia! Niko naleta!