Gwenllian Prosser na Udongo wa Saron

Aliyelala mbele yetu leo, Gwenllian Prosser, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa kijijini Pant-y-frwyn, katika nyumba ya tatu kutoka kijitoni. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Dafydd, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Olwen.

Alisoma shule ya kijiji na kuiacha akiwa na miaka kumi na mitano, mama yake alipougua. Hakulia. Alisema kusoma angeendelea nako, ila sasa angesoma watu. Baadaye alipika jikoni mwa shule ileile kwa miaka ishirini na saba, na wengi mlioketi hapa mmekuzwa na mwiko wake.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Idwal Prosser hapahapa katika kanisa letu la Saron. Walijaliwa watoto wawili, Nerys na Alun. Walipozeeka walinunua kaburi moja la watu wawili, upande wa chini wa makaburi yetu, mmoja alale juu ya mwenzake. Idwal alimtania, "Hata huko utakuwa juu yangu, Gwen." Naye akamjibu, "Nani mwingine atakuzuia usikorome?" Idwal alitangulia mwaka 2004. Tangu siku hiyo marehemu alijua anakokwenda.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2010 aliona machipukizi mekundu karibu na ukuta wa makaburi, upande wa kijitoni. Aliyatambua: ni gugu la Kijapani, lenye mashina kama mwanzi, linalopasua hata saruji. Alimwendea Trefor Bevan, shemasi wetu mkuu.

"Wee Gwen, majani tu yanakutia kiwewe?"

"Majani hayachomozi kama mikuki, Trefor. Usiruhusu mtu ayakate. Kipande kidogo kama kidole kikianguka, kinaota."

Mwaka uliofuata, Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Maua, wanaume walisafisha makaburi kama desturi yetu ilivyo, ili kila familia iwapambe watu wake. Walilifyeka gugu kwa mashine, wakang'oa vishina kwa uma wa bustani, wakarundika yote nyuma ya jiwe la Idwal. Kesho yake tuliweka maua, tukaimba, tukasifu usafi. Kufikia Agosti gugu lilikuwa limempita mtu kimo, kutoka ukutani hadi kwa Idwal.

Jumatatu tarehe 5 Septemba 2011 marehemu alipiga simu halmashauri. Alijua vizuri matokeo yake. Mwezi uliofuata upande wa chini ulizungushiwa uzio: udongo usichimbwe, usihamishwe, asizikwe mtu. Kwa simu ile alikuwa amejifungia kaburi lake mwenyewe.

Hilo hamkuliona. Mliona kwamba benki ziligoma kukopesha wanunuzi wa nyumba zilizopakana na ukuta wa makaburi, kwa hofu ya gugu. Nyumba ya Nerys, aliyekuwa ameachwa na mumewe, ilikosa mnunuzi mara tatu. Dukani walisema, "Fungeni bustani, askari magugu huyo!" Mwaka 2013 Eirlys Bevan alipofariki hakuweza kulazwa na wazazi wake, akazikwa kule mlimani. Trefor alisimama mlangoni kwa marehemu akasema, "Umemfukuza mke wangu kwao." Marehemu alimpelekea vikeki vya zabibu, vikarudishwa pamoja na sahani yake. Trefor alikuwa na uchungu wa haki, na marehemu alilikubali hilo. Ambao hamkuwa na uchungu wowote mlimnunia miaka kumi. Kama mmesahau, familia inakumbuka kwa niaba yenu.

Kila Septemba fundi wa halmashauri alikuja kudunga dawa ndani ya mashina. Marehemu alimtangulia, akifunga uzi mwekundu kwenye kila shina, hata dogo kama kidole, ili fundi asije akaliruka. Vipande vilivyoanguka aliviokota kwa mkono, akavikausha juu ya turubai na kuvichoma palepale. Mwaka wa kwanza alifunga nyuzi mia nne na kumi. Mwaka 2021 alifunga moja.

Sharti lilikuwa majira matatu ya kuchipua bila chipukizi. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, mapafu yake yalianza kumsaliti. Aprili hii hakuweza tena kushuka ngazi. Kila asubuhi aliuliza, "Limechomoza?"

"Hapana, Mama."

"Umeinama, au umetazama umesimama?"

Nerys akarudi, akainama.

Ijumaa tarehe 17 Mei mkaguzi alipita na fimbo yake, akatia sahihi kwamba uzio uondolewe. Aliyeng'oa nguzo ya kwanza ya uzio alikuwa Trefor Bevan, hakuitwa na mtu. Marehemu alipoambiwa alisema, "Mpelekeeni sahani yangu ya vikeki." Alifariki Jumatano tarehe 22 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Ameacha binti yake Nerys, mwanawe Alun na mkewe Carys, wajukuu wawili, Ffion na Macsen, na dada yake Morfydd.

Asubuhi ya leo mchimba kaburi alichekecha udongo kwa mikono. Mzizi wa gugu lile ukiuvunja, ndani ni rangi ya karoti. Hakukuta hata uzi wa rangi hiyo. Jumapili ya Maua ijayo, tunawaomba, mje na maua, mashine ziacheni nyumbani.

Gwenllian, shuka kwa Idwal. Udongo ni safi. Lala kwa amani.