Glavu za Nthambi

Benchi letu la Mowlem, huku Eastlands ya Nairobi, ni ubao wa mkokoteni uliovunjika, umepangwa juu ya matofali nje ya posho mill inayosaga unga, na Wabwire huweka jiko na birika lake la kahawa ya tangawizi upande usio na upepo. Watu wa benchi hili wanajua kila kitu, na ndiyo maana hakuna kinachotengenezeka. Asubuhi hiyo ya Julai baridi ilikuwa inang'ata masikio. Tulikuwa mimi, na Wachira, tunayemwita Gugo kwa sababu kila kitu amekiona kwenye simu, na mzee Ondiek, tunayemwita Balozi, aliyewahi kufagia ua wa ubalozi fulani na hajatupa nafasi ya kusahau. Ndipo akaja Muindi, anayechonga miguu ya makochi pale kona, akamwaga kitu kwenye benchi. Mimi nilidhani ni samaki mkavu.

Muindi: Wazee, nimekwisha. Hizi ni glavu za Nthambi.

Nthambi tunamjua sote. Ni msichana anayeendesha boda boda kuanzia alfajiri, na Muindi amempenda tangu mwaka jana bila kumwambia lolote zaidi ya salamu ya "sasa". Jumamosi Muindi alizunguka soko la Gikomba hadi akapata glavu za ngozi ya kahawia, laini ajabu, ndani zina hariri. Kisha akajikaza, akamwambia apitie kijiweni leo, kuna kitu chake.

Gugo: Na mbona ziko ngumu hivi?

Muindi: Nimeziosha.

Balozi: Na nini?

Muindi: Maji moto na sabuni ya unga. Halafu nikaanika kwa mabati. Si ni mitumba? Mathe alinifunza hupei mtu mitumba haijaoshwa!

Hapo hata mimi sikumlaumu. Mtu aliyelelewa Eastlands huosha mtumba kwanza, ndipo anauliza ni kitu gani.

Balozi: Kijana, umeua. Hiyo ni ngozi ya mwanambuzi. Pale ubalozini bibi ya mkubwa alikuwa na droo ya glavu peke yake. Akitaka kusalimia mtu, anavua kidole kimoja kimoja, polepole. Ukingoja hiyo salamu unaweza kula lunch kwanza.

Wabwire: Na ulisalimiwa?

Balozi: Mimi nilikuwa kwa maua. Lakini niliona.

Muindi: Mzee, Nthambi anakuja saa hii! Akiona hizi atadhani namchezea. Na mimi najijua, sitapata roho ya kuongea tena.

Kweli, sauti yake ilikuwa imekauka kuliko zile glavu, nikamwonea huruma.

Gugo: Tulia, msee. Ngozi inataka mafuta tu. Nimeona video.

Akatoa kikopo cha mafuta ya kujipaka, akazisugua kama mama anayempeleka mtoto kanisani. Glavu ziling'aa. Lakini zilibaki ngumu, na sasa yale madoa meupe ya sabuni yakaonekana vizuri zaidi.

Balozi: Shida ni kwamba mbuzi anaogopa maji. Umeona mbuzi akinyeshewa? Anajikunja. Hata akichinjwa, ngozi inakumbuka.

Wabwire: Inakumbuka na nini, na kichwa kilibaki kwa supu?

Balozi: Ndiyo maana lazima ibembelezwe. Ulaya glavu inaimbiwa.

Gugo: Si kuimbiwa, mzee. Unamvalisha mbuzi mwenyewe. Kwa miguu ya mbele. Asubuhi iko laini.

Muindi: Nitatoa wapi mbuzi saa hii!

Gugo: Basi kahawa. Kitu moto italegeza, na rangi ni ile ile. Madoa yatapotea yote.

Wabwire alikumbatia birika. Alisema kahawa yake ni ya binadamu. Lakini alipomtazama Muindi usoni alimwaga maji ya beseni la kuoshea vikombe, akalisuuza, akalijaza kahawa yote mpaka tangawizi ya mwisho. Muindi akakunja mikono ya shati, akaingiza glavu, akaanza kuzikanda chini ya kahawa. Mvuke ulimfunika hadi kidevuni.

Gugo: Zinalegea?

Muindi: Sijui. Naogopa kuangalia.

Pikipiki ikasimama nyuma yetu. Nthambi akashuka, kofia ngumu bado kichwani, akipulizia vidole ambavyo havikukunjika.

Nthambi: Niajeni. Wabwire, kahawa iko? Nimetoka kupeleka mtu mtaa wa Fedha na mikono siisikii kabisa.

Balozi akaangalia nyaya za stima. Gugo, ambaye ana jibu la kila kitu, akaanza kutafuta simu aliyokuwa ameishika.

Nthambi: Si nimeuliza tu? Kahawa imeenda wapi?

Wabwire akainua birika, akaligeuza kichwa chini. Halikutoa hata tone.

Nthambi akaona mvuke. Hakungoja ruhusa. Alichuchumaa, akatumbukiza mikono yote miwili ndani ya beseni, akafumba macho.

Nthambi: Wacha! Iko moto vizuri.

Akakaa hivyo kidogo, uso ukilegea. Halafu akakunja kipaji cha uso.

Nthambi: Ni nini hii inateleza ndani?

Muindi: Ni... ni glavu zako. Nilikununulia. Nimeziharibu.

Nthambi: Zote mbili?

Muindi: Zote mbili.

Nthambi aliendelea kupapasa chini ya kahawa, akiwa bado amefumba macho. Sisi wanne tuliinama juu ya beseni.

Nthambi: Haya. Glavu ya kwanza ni hii. Ya pili ndiyo hii. Na hii ingine yenye malengelenge ni nini?

Muindi hakuutoa mkono wake.